Dakika za Kupigia Wete

Kila baada ya sala ya alasiri, Bi Turkiya hukaa sebuleni kwake mjini Ibra, akaegemea mto, akampigia simu dada yake.

Dada yake, Bi Ghaniya, anaishi Wete, Pemba. Turkiya aliletwa Oman angali mtoto mdogo. Ghaniya alibaki, kwani alikwishaolewa. Turkiya haikumbuki sura ya mama yao. Ghaniya anaikumbuka, na humhadithia kidogo kidogo.

Turkiya hufumba macho. Sebule huondoka. Humwona mama akipita uani, kanga imelowa maji, kiganja kimejaa asumini. Naye, mdogo kabisa, yupo nyuma yake.

Siku moja Ghaniya alisema, "Mama akisuka ukili wa mikeka alikuwa akiimba wimbo mmoja, mdogo wangu. Wimbo huo..."

Simu ikakatika. Dakika za kupigia nje zilikuwa zimekwisha.

Kesho yake mumewe, Bwana Khalaf, alimtilia salio. Turkiya akapiga haraka.

"Shikamoo dada. Ule wimbo wa mama ulikuwaje?"

"Marahaba. Wimbo gani?" akauliza Ghaniya.

Alikuwa amesahau. Turkiya alimkumbusha ukili, akamkumbusha ua. Haikusaidia. Alipoiweka simu chini, machozi yalimtoka.

"Lakini tuna kifurushi kikubwa kuliko vyote!" alisema Khalaf kwa uchungu. "Muuzaji wa dukani aliniambia hakuna kinachokipita."

Jirani yao, Dalal, alikuwa amekuja kuwaletea sambusa. Dalal ni mwalimu, na wazee wake walitoka Bujumbura. Alimkuta Turkiya akijifuta macho, akauliza kuna nini. Wakamweleza.

"Khalati," alisema Dalal, kama anavyomwita Turkiya kwa heshima, "hiki kifurushi kimejaa data. Unaifanyia nini?"

"Hata siijui, mwanangu. Mimi nazungumza tu na dada."

"Naye ana simu ya namna gani?"

"Ya vibonye. Haina intaneti."

"Basi kifurushi ni kikubwa, lakini si chenu. Mnahitaji dakika za kupigia Tanzania."

"Tutajuaje kampuni ipi inazo?" aliuliza Khalaf. "Tuzunguke maduka yote?"

"Hapana, ami. Ipo tovuti ya kulinganisha. Inaweka mikataba ya kampuni mbalimbali pamoja, ukaiona yote kwa mara moja."

Dalal akafungua tovuti kwenye simu yake. Tovuti iliuliza: unapiga wapi zaidi? Unazungumza muda gani? Unatumia intaneti kiasi gani? Turkiya alijibu, Dalal akaandika. Mikataba ikatokea, mmoja chini ya mwingine.

Khalaf akaweka kidole. "Huu hapa! Uko juu kabisa."

"Subiri kidogo. Wa juu pengine umewekwa juu kwa sababu kampuni imelipia tangazo. Tuusome." Dalal alisoma, kisha akatikisa kichwa. "Unaona? Dakika zake za nje ni za nchi nyingine. Tanzania haimo."

Wakasoma wa pili, wakasoma na wa tatu. Wa tatu ulikuwa na dakika nyingi za Tanzania na data kidogo. Khalaf akauliza kama mtandao wake unashika shambani kwao Al Kamil. Dalal akatazama ramani ya kampuni hiyo. Unashika.

Turkiya akaivuta simu yake karibu. Kisha akasema, "Sitaki."

"Kwa nini, khalati?"

"Dada anaijua nambari yangu kwa moyo. Nikipewa nyingine, atanipoteza."

Dalal akamshika mkono. "Nambari yako unahama nayo. Unabadilisha kampuni tu. Ila ami, kwanza uliza kama mkataba wenu wa zamani umekwisha. Ukiuvunja kabla ya muda wake, huenda mkatozwa faini. Na kabla hujatia saini, iulize kampuni mpya yenyewe. Tovuti mara nyingine huchelewa kubadilisha habari zake."

Khalaf akapiga simu kote kuwili. Mkataba wa zamani ulikwisha tangu Ramadhani, ukawa unaendelea wenyewe tu. Na kampuni mpya ikathibitisha dakika zile. Wiki ile ile wakahama, na nambari ikabaki ile ile.

Sasa Ghaniya hana haja ya kuharakisha. Wimbo haukurudi, na Turkiya hamuulizi tena. Ghaniya husimulia anachokumbuka, akanyamaza, akaanza tena.

Jana alikuwa akisimulia harusi yake. Maneno yakawa machache, yakawa mazito, kisha yakakoma.

"Dada?" aliita Turkiya taratibu.

Ghaniya alikuwa amesinzia, simu ipo sikioni. Turkiya alimsikia akipumua. Nyuma ya pumzi zake mvua ilikuwa ikinyesha juu ya mabati, na jogoo mmoja akiwika mbali.

Khalaf akachungulia mlangoni. "Mmemaliza?"

Turkiya akaweka kidole mdomoni. Akajilaza juu ya mto, simu shavuni, akaisikiliza mvua ya Pemba.