Kiilu Atahiriwa Ukubwani

Kiilu aliendesha lori kati ya Mombasa na Nairobi. Nyumbani kwake kulikuwa Matiliku, Ukambani. Kila aliporudi, mkewe Kalondu alimpikia muthokoi wa mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, wakala pamoja na mwana wao Mutunga na wadogo zake.

Siku moja mwaka wa 1998, Kiilu alikataa chakula.

"Tumemzika Nzomo," alisema. Nzomo alikuwa dereva mwenzake.

"Malaria?"

"Ukimwi."

Kalondu aliweka sahani chini. "Baba Mutunga, mlikuwa mkilala pamoja Malili, pale malori yanapoegeshwa usiku. Na wewe ulikuwa na wanawake huko?"

Kiilu aliinamisha kichwa. Kalondu akaanza kulia.

Asubuhi walienda dispensari kwa muuguzi Gathoni.

"Sista, mimi sikutahiriwa," Kiilu alisema kwa sauti ndogo. "Baba alikufa wakati wa njaa. Hakuna aliyenipeleka na wenzangu. Nimewaficha watu wote ila mke wangu. Je, kwa ukimwi niko hatarini zaidi?"

"Si aibu," Gathoni alisema. "Ngozi ile ya mbele ni laini kwa ndani. Virusi hupenya hapo kwa urahisi. Madaktari wengine wameona waliotahiriwa huambukizwa mara chache kuliko wasiotahiriwa. Bado wanachunguza."

"Basi nikitahiriwa niko salama?"

"Nzomo alitahiriwa," Kalondu alisema. "Yuko wapi?"

"Mama amesema kweli," Gathoni alijibu. "Hatari inapungua, haiishi. Acha wanawake wa barabarani. Tumia kondomu. Kwanza mpimwe damu, nyote wawili. Halafu uende hospitali. Huko utapigwa sindano ya ganzi, na wembe ni mpya kwa kila mtu. Usilale na mkeo mpaka kidonda kipone kabisa."

Majibu yalichelewa. Kalondu alimwekea mumewe chakula, akatoka nje, akamwacha ale peke yake. Mwishowe waliambiwa hawana virusi, lakini warudi kupimwa tena baada ya miezi mitatu.

Kiilu alitahiriwa hospitalini. Kalondu alimpelekea uji.

"Umenisamehe?" Kiilu aliuliza.

"Bado. Wewe pona kwanza."

Walipopimwa tena, damu yao ilikuwa safi. Wakirudi nyumbani walipitia kwa Syokau, mjane wa Nzomo. Naye alikuwa na ugonjwa uleule, hakuweza kuinuka kitandani.

"Mmeambiwaje?" aliuliza.

"Hatuna," Kalondu alisema polepole.

"Mungu ashukuriwe," Syokau alisema, akageukia ukuta.

Kalondu aliketi, akamshika mkono. Kiilu alichukua jembe nyuma ya mlango, akaenda kumpalilia mahindi.