Nafasi ya Kupokea Mbao

Kila siku masomo yakiisha, Sabina alipitia moja kwa moja kwenye karakana ya baba yake pale Kirumba, karibu na ziwa. Alivua viatu vya shule, akafunga kitambaa kichwani, akashika ufagio. Kazi yake ilikuwa kukusanya maranda yaliyochunwa na randa, na vumbi lililomwagika chini ya mashine ya kupasulia mbao. Maranda alimpelekea mama ya kuwashia moto. Vumbi alilichukua jirani mwenye kuku. Kazi hiyo aliifanya tangu darasa la tatu, wala hakuiona mbaya, mpaka alipokuja Evelina.

Evelina alikuwa binti wa baba yake mdogo, kutoka Usagara. Aliletwa mjini asome darasa la sita pamoja na Sabina, na wote wawili walilala kitanda kimoja. Mwanzoni walipatana vizuri tu. Mambo yaliharibika siku moja umeme ulipokatika kwa mgao, na Fundi Mihayo, baba yake Sabina, akawakalisha watoto kwenye gogo wachangamke huku wakisubiri urudi.

"Kitendawili," alisema.

"Tega."

"Ninaye mtumishi, namtuma mahali ambapo mimi sithubutu kupeleka kidole."

Sabina aliwahi kujibu kwamba ni mbwa. Josephat, fundi msaidizi, alicheka hadi akashika mbavu. Evelina aliitazama mashine kwanza, kisha akasema taratibu, "Ni kile kijiti cha kusukumia mbao, baba mkubwa."

Ndicho chenyewe. Ubao ukibaki mfupi, fundi hausukumi kwa vidole karibu na msumeno. Huusukuma kwa kijiti. Meno yakila, yale kijiti.

Basi kuanzia hapo Josephat akimwona Sabina alimuuliza mbwa wake anaendeleaje. Naye Evelina akawa hakosi swali. Alijua kwamba kupasua ni kufuata nyuzi za ubao, na kukata ni kuzikatiza. Alijua kupapasa ubao kutafuta fundo na misumari kabla haujafika mezani. Nyumbani, chakula kikiliwa, baba alimsifu. Mama naye akaongeza, "Sabina, mwangalie mwenzako." Sabina alisogeza ugali wake kando, akainuka.

Kilichomuuma zaidi ni nafasi ya kupokea mbao. Mashine yao ilikuwa meza ya chuma iliyonunuliwa kutoka kiwanda kimoja kilichofungwa, na katikati yake ulichomoza msumeno wa mviringo, kama sahani yenye meno. Kifuniko cha kuukinga kilikuwa kimepotea, na kila wiki Fundi Mihayo alisema atachomelesha kingine wiki inayofuata. Yeye alisimama mbele na kusukuma ubao. Nyuma ya mashine alitakiwa mtu wa kuupokea. Kazi zilipozidi na Josephat akahamia kwenye benchi la kuunganishia, nafasi hiyo alipewa Evelina.

Fundi Mihayo alimweleza mara nyingi, na Sabina alisikia yote akiwa na ufagio wake. Mpokeaji hushikilia ubao usining'inie. Huchomeka kabari kwenye mpasuo, ili ubao usijifunge na kuubana msumeno. Havuti, hainui, hapindishi. Anayeuendesha ubao ni yule anayesukuma, peke yake.

"Mimi ndiye mtoto wake," Sabina alijisemea, huku vumbi likimwagikia miguu ya Evelina na yeye akilifagia.

Jumamosi moja walikuwa wanapasua mbao za rafu za Shiraz, mfanyabiashara aliyekuwa anafungua duka jipya mjini. Josephat alikuwa amepeleka madawati Buswelu. Fundi Mihayo alitoka nje kuchagua mbao, akiwahi kabla umeme haujakatwa. Hapo Sabina akamsogelea Evelina.

"Mama anakuita nyumbani. Amesema uende sasa hivi."

Evelina alijikung'uta vumbi, akakimbia kupanda kilimani, kwenye njia ya mawe. Baba aliporudi alimkuta Sabina amesimama nyuma ya mashine.

"Evelina yuko wapi?"

"Ameondoka, baba. Sijui amekwenda wapi. Lakini mimi naweza kupokea."

Fundi Mihayo alitazama taa iliyoning'inia darini, kama mtu anayeiomba isizimike. Akakubali.

Ubao wa kwanza ulipita salama. Wa pili ulipokuja, Sabina alitaka baba aone kwamba kwake kazi inakwenda haraka zaidi. Tena alitaka Evelina arudi amkute pale pale, ajionee. Kwa hiyo macho yake yalikuwa mlangoni. Hakuona mpasuo ukianza kujifunga. Kabari ilikuwa mezani, hakuichomeka. Akaushika ubao kwa mikono miwili, akauvuta kwake, na kwa kuwa alikuwa amegeukia mlangoni, akauvuta upande.

Mlio wa mashine ulibadilika, ukawa kama mtu anayekabwa. Ubao uliruka na kurudi ulikotoka kwa nguvu, ukamgonga Fundi Mihayo ubavuni. Akaanguka juu ya rundo la mbao.

Msumeno ulikuwa bado unazunguka. Sabina alizunguka mbali na meza, akafika ukutani, akazima swichi. Baba alikuwa amefumba macho, anatafuta pumzi na haipati. Sabina alimwita, hakujibu. Alimwita tena. Mwishowe pumzi ikaja, kidogo kidogo, na majirani waliokuja mbio wakamwinua wakamkalisha.

Wakati huo ndipo Evelina aliingia, anahema.

"Uliacha kazi ukaenda kutembea," Fundi Mihayo alimwambia kwa sauti nyembamba ya maumivu. "Nilikuamini. Usisimame tena kwenye mashine yangu."

"Niliambiwa naitwa, baba mkubwa," alijibu Evelina. Alimtazama Sabina mara moja tu, kisha akatazama chini. Hakumtaja.

Kile ambacho Sabina alikitamani kwa miezi mizima sasa kilikuwa mkononi mwake. Alichotakiwa ni kunyamaza. Alimtazama baba yake, jinsi alivyojishika ubavu, akaona kwamba akinyamaza atanyamaza maisha yake yote.

"Mimi ndiye niliyemdanganya," alisema. "Mama hakumwita. Na ubao niliuvuta mimi."

Evelina alianza kulia, na Sabina akalia naye.

Zahanatini walisema hakuna ubavu uliovunjika, ila fundi apumzike. Alipoweza kusimama, jambo la kwanza alilofanya ni kwenda kwa mchomeleaji kuagiza kifuniko cha msumeno. La pili, alimrudisha Josephat nyuma ya mashine. Evelina aliposikia hivyo aliinama, maana alidhani bado anaadhibiwa.

"Hukukosa kitu, mwanangu," Fundi Mihayo alimwambia. "Nimekosa mimi. Nilikimbizana na umeme nikamweka mtoto mahali pa mtu mzima. Mkikua, nitawafundisha wote wawili. Kwa sasa njooni hapa kwenye randa."

Sabina alimwomba radhi Evelina mbele ya baba. Evelina akasema, "Nimesamehe, lakini leo usiku blanketi ni langu." Fundi Mihayo akataka kucheka, ubavu ukamkataza.

Alibana ubao kwenye benchi, akawaonyesha nyuzi zinakoelekea, kisha akamgeukia binti yake.

"Siku ile ulijua kila kitu, Sabina. Kabari uliijua, na kutovuta ulikujua. Ila ukimwonea mtu wivu, macho yako yanakaa kwake siku nzima, na kazi inabaki bila macho. Mashine haijali nani anapendwa zaidi hapa. Inataka uitazame. Mimi nawapenda wote, na huo upendo hauna foleni. Haya, shika randa, macho kwenye ubao."