Karatasi Mkekani

"Muuaji yumo humo ndani."

Sauti ya mkuu ilikwaruza kwenye kidude cha sikioni, kisha ikakatika.

Madoka aliwapima wenzake kwa macho. Katika chumba kile cha chai, Kyoto, walikuwa wanne tu. Yeye, jasusi kutoka Tokyo aliyejifanya mtalii. Mzee Tokunaga, mkemia mstaafu, mtu pekee aliyejua jina la meli iliyobeba gesi ya sumu. Daktari Kurosu, rafiki yake na mwenzake wa chai kwa miaka arobaini. Na Bibi Asagiri, mwenye nyumba.

Meli ingeng'oa nanga saa sita mchana, na Mzee alikuwa na kichwa kigumu ajabu.

"Kwanza chai, binti," alisema asubuhi ile. "Mkishanificha huko kwenu, nani atanikorogea tena? Nikinywa, nitakutajia."

"Mzee, watu watakufa!"

"Basi wahi kupiga magoti."

Bastola ya Madoka, SIG, ilibaki nje. Bibi aliikataa pale kwenye kimlango cha kuingilia kwa kutambaa, tena akamfokea: "Ukinywa, pangusa ukingo wa bakuli. Karatasi yako ya kupangusia irudishe kifuani, ndani ya vazi. Usiniachie uchafu wako mkekani!"

Vitamu vya maharage vililetwa, vimefinyangwa kama maua ya msimu wa mvua. Tokunaga alikula chake taratibu, macho kafumba. Madoka hakuonja. Alikifunga chake kwenye karatasi.

Bibi akakoroga chai nzito, bakuli moja la wote. Madoka hakubandua macho kwenye mikono ya yule bibi. Kama ni sumu, si ingetoka hapo?

"Natangulia, ndugu yangu," Kurosu alimwinamia Tokunaga.

Akanywa. Akameza. Madoka akashusha pumzi.

Kurosu akapangusa ukingo kwa karatasi aliyoishika kwa ncha za vidole, akampa rafiki yake bakuli.

Karatasi akaiacha mkekani.

Mtu wa chai miaka arobaini, na karatasi mkekani?

Sumu imo kwenye karatasi, kaipaka ukingoni; hakutaka iguse kifua chake!

Bakuli lilikuwa likikaribia midomo ya Mzee.

Madoka aliruka. Magoti yaliyokufa ganzi yakamsaliti, akaanguka kifudifudi, ila mkono ukafika. Bakuli likagonga nguzo, likapasuka.

"Mwendawazimu!" Bibi alipiga ukelele. "Bakuli la babu zangu!"

Madoka aliinua ile karatasi kwa kijiti cha kulia vitamu, akaisogeza usoni kwa Kurosu.

"Daktari, umesahau yako. Irudishe kifuani."

Kurosu alijivuta nyuma mpaka ukutani. "Usiniguse nayo!"

Mzee akamgeukia rafiki yake.

"Kurosu," Mzee alisema huku machozi yakimtoka, "si ungenipiga risasi tu? Kwenye chai, jamani?"

Walinzi waliokuwa wakingoja nje wakaingia, wakamburuta Kurosu. Bibi akaviokota vigae vya bakuli. Alileta bakuli la kulia wali kutoka jikoni, akakoroga upya. Tokunaga akanywa, akapangusa, akampa Madoka.

"Kazahaya Maru," alinong'ona. "Gati la kaskazini."

Madoka akabonyeza kidude. "Kazahaya Maru, gati la kaskazini. Izuieni!"

Dakika zilipita, kila moja ikimla roho.

"Tumeikamata," mkuu alijibu. "Umeumia?"

"Magoti tu."

Akanywa chai iliyobaki, akachukua bastola yake, akatoka mvuani bila haraka. Getini alikifungua kitamu chake, akakila chote.

Kisha akaikunja karatasi, akairudisha kifuani.