Fundo Nyuma ya Blanketi

Kila alasiri, akishavua sare za shule na kunawa mikono kwa sabuni, Chapuchapu aliketi mkekani kando ya mama yake wakifuma blanketi la mtoto. Jina hilo la utani lilimkaa sawasawa. Alikula mbio, alifagia mbio, na baba yake alidai kwamba hata ndoto huziota nusu. Mama alifuma mistari miwili, yeye mmoja, kisha mama akaukagua kwa kidole.

Mtoto mwenyewe walikuwa bado hawajamwona. Wazazi wa Chapuchapu waliomba kumlea mtoto asiye na wazazi, awe mwana wao kabisa, na walikuwa wamesubiri miezi minane. Siku barua ilipofika, ilisema waende Jumatano wakamwone na Ijumaa wamchukue.

"Ijumaa hii hii?" Chapuchapu aliruka. "Na blanketi je?"

Haraka ikamponza. Jumanne, mama akiwa jikoni, alifuma mistari sita peke yake. Kitanzi kimoja kilimponyoka, akaja kukiona kimeshaporomoka mistari minne. Afumue? Thubutu! Alikibana kwa fundo upande wa nyuma, na ncha ya uzi akaiacha ikining'inia.

"Ama kweli leo una mikono!" mama alimsifu bila kugeuza blanketi. Chapuchapu alicheka, lakini kicheko kilikuwa cha mdomoni tu.

Jumatano walikwenda kwenye makao ya watoto. Mlezi alimleta mtoto mikononi, akasema, "Haya, dada mtu, keti umpakate. Mshike shingo."

Chapuchapu alisahau hata kupumua. Lo! Kumbe mtu huanza hivi? Kucha zilikuwa ndogo kuliko punje za mchele, na zote zipo! Mtoto alikibana kidole cha dada yake kwa nguvu, akamtazama kana kwamba wanafahamiana tangu zamani. Machozi yalimlengalenga Chapuchapu, wala hakujua sababu.

"Dole gumba hili la mguu lina nini?" mama aliuliza, akionyesha alama nyekundu.

"Uzi wa soksi ulimzunguka jana," mlezi alijibu. "Tuliuwahi. Uzi mmoja tu huweza kuzuia damu kwenye kidole kama hiki, na yeye hawezi kusema. Kazi yake ni kulia."

Chapuchapu alikumbuka blanketi. Akilini aliuona ule uzi unaoning'inia nyuma yake.

"Mama," alisema kwa sauti ndogo, "blanketi nimeliharibu. Kuna tundu. Nililificha kwa fundo, na uzi nikauacha wazi."

Mama akasema, "Basi tutafumua, mwanangu."

Walifumua mistari yote sita, wakafuma upya jioni ile na Alhamisi nzima baada ya shule, kitanzi kwa kitanzi. Uzi ulikatikakatika walipofumua, ukawaishia, blanketi likawa fupi kwa vidole vinne.

Ijumaa mtoto aliletwa nyumbani. Vidole vyake vilitambaa juu ya blanketi, mbele na nyuma, visinase popote. Chapuchapu alivitazama kwa mshangao ule ule wa Jumatano, asiweze kuondoa macho.

"Kukosea si ajabu, hata mimi hukosea," mama alimwambia, akimkumbatia. "Lakini kosa likifichwa humngoja asiyejua lilipo. Ulisema kabla halijamfikia mdogo wako. Huko ndiko kuwa dada."