Boksi Alilolichoma Mabula

Lori la Mabula lilikuwa kuukuu, lakini ndilo lililolisha nyumba yake pale Kharumwa. Lilibeba marudio, ule mchanga uliokwisha kuoshwa dhahabu mara ya kwanza. Jioni Lusia, mkewe, akisikia mngurumo wake, alibandika sufuria. Alijua unga umepatikana.

Siku moja bodi la lori lilipasuka. Ngusa, fundi wa kuchomelea, alilichomelea bila kufungua nyaya za betri, kama mafundi wote walivyozoea. Baada ya hapo lori halikuwaka.

Mafundi walisema kontroli boksi, yaani kompyuta ya injini, limeungua. Mabula akanunua jingine lililotumika, akalifunga mwenyewe. Wapi! Lori kimya.

Wakamwita Zipora, fundi umeme wa magari kutoka Kagongwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Mbona boksi ni la aina ile ile na plagi zote zimeingia, lakini lori haliwaki?"

"Kwa nje yanafanana. Ndani kuna chipu, kidude kinachotunza kumbukumbu. Imeandikwa injini ipewe dizeli kiasi gani, na ufunguo upi ukubaliwe. Hili limeandikiwa lori jingine. Ufunguo wako halikuujua."

"Haliwezi kufundishwa?" Lusia aliuliza.

"Linaweza, mama. Nasoma chipu ya boksi la zamani kwa kompyuta yangu, kisha naandika yote yaliyomo kwenye hili. Umeme wa kuchomelea uliunguza boksi, lakini mara nyingi chipu ile hupona. Liko wapi?"

Mabula akainama.

"Baba Limi, mwambie," Lusia alisema.

Huku kwetu dhahabu imetutia wazimu. Mabula alikuwa amesikia machimboni kwamba vibao vya kompyuta vina dhahabu. Akalichoma boksi la zamani kwenye jiko la mkaa, akalitwanga, akaosha majivu kwenye karai. Alipata kikohozi tu.

"Nimelichoma," alisema.

Zipora alifunga kompyuta yake. "Moshi ule ni sumu, baba. Usirudie. Na sasa sina cha kusoma. Nitatafuta maandishi ya chipu ya lori kama hili, lakini ni la zamani. Siahidi."

Alitafuta kweli. Hakupata.

Sasa kuku wanataga chini ya lori. Mabula anabeba viroba vya mawe mgongoni kama kibarua, na inauma kumtazama.

Jana alipita kwa Ngusa. Lori la jirani yao, Maduhu, lilikuwa pale na mwenyewe pembeni, na Ngusa ameshika mashine ya kuchomelea. Mabula akatupa kiroba chini.

"Acha! Fungua betri kwanza! Chomoa na plagi za kontroli boksi!"

Ngusa alimtazama, akazima mashine. Akafungua betri, akachomoa plagi, ndipo akachomelea. Walipovirudisha vyote, lori liliwaka mara moja. Maduhu alimshika Mabula mkono kwa nguvu. Mabula akabeba kiroba chake akaendelea na njia.

Jioni hiyo Lusia alisikia mngurumo barabarani. Akainuka haraka, akashika sufuria. Mngurumo ukapita, ukaenda kwa Maduhu. Akairudisha sufuria chini, akakaa.