Fito za Chombo cha Angani

Chombo cha angani kilikuwa kimeibwa. Saa mbili asubuhi Inspekta Godhana alisimama kwenye jukwaa la ukumbi wa Garsen, akitazama sakafu tupu. Jana yake palikuwa na chombo kirefu kuliko watu wawili, kimepakwa rangi ya fedha.

"Onyesho ni saa tisa, Inspekta," alisema Gershom, kiongozi wa kikundi cha maigizo. "Ni fainali ya mashindano. Bila chombo hatuna mchezo."

Godhana aliujua mchezo wenyewe. Uliitwa "Mto Uliopaa": Mto Tana unakauka, wakulima na wafugaji wanapanda chombo kimoja kwenda kutafuta maji kwenye nyota, wakizozana kwa nyimbo njia nzima. Miaka mitatu walikuwa wamehangaika nao. Walianzia kanisani, katika kijiji cha Hewani, kwa taa mbili za karabai. Kijijini Golbanti mafuriko yakabeba jukwaa, wakaokoa chombo tu. Usiku ule wa Hewani Godhana alimpigia Gershom makofi mpaka viganja vikamuuma.

"Nani ana ufunguo?"

"Mlinzi, Jibril. Ufunguo ni mmoja tu. Konstebo wako ameshamtia ndani."

Godhana aliupima mlango. Futi tatu. Chombo kisingepita kizima. Kilivunjwa humu humu. Fito zake zilizopindwa zilishikwa kwa mafundo ya kamba, mamia kwa mamia, lakini sakafuni hapakuwa na hata kipande kimoja cha kamba iliyokatwa. Aliyeyafungua mafundo yale aliyajua. Tena palikuwa pamefagiliwa.

Mwizi gani huyo anayefagia?

Nje, kwenye vumbi, alikuta alama za mizigo miwili, urefu sawa, upana sawa. Alizitambua. Mama yake, Muorma wa jamii ya wafugaji, alifungasha hivyo hivyo kila walipohama: nyumba nzima ya fito na mikeka, mizigo miwili, mmoja kila ubavu wa punda.

Kituoni aliwakalisha Gershom na Jibril mezani, akampa kila mmoja kamba na vijiti viwili.

"Fungeni."

Fundo la Jibril lilikuwa la kufungia mbuzi. La Gershom lilifunguka lenyewe.

"Si ulisema chombo umeunda wewe?"

"Nilibuni, Inspekta. Wengine walifunga."

"Nani?"

Gershom akaanza kulifunga upya fundo lake.

"Khadra, afande," Jibril alidakia. "Yule anaimba sehemu ya nahodha. Na funguo ni mbili. Ya pili alipewa yeye, na huyu huyu Gershom, mbele yangu."

Godhana alimtazama Gershom, naye akatazama meza.

"Jibril, nenda nyumbani. Gershom, ingia kwenye gari."

Khadra hakuwa amejificha. Alikuwa kwenye kituo cha malori ya kwenda mji wa Madogo, ameketi juu ya mizigo miwili ya fito, mikeka imekunjwa, kamba zimezungushwa vizuri.

"Ni mimi, afande," alisema kabla hajaulizwa. "Jibril mmemuachilia?"

"Yuko nyumbani. Kwa nini, dada?"

Akatoa karatasi ya onyesho, ingali inanuka wino. "Soma."

Hadithi: Gershom. Nyimbo: Gershom. Chombo: Gershom. Jina la Khadra lilikuwa chini kabisa, katikati ya waimbaji.

"Nyimbo zote nimetunga mimi, walahi, kwa jiko langu. Hizi fito ni nyumba ya arusi ya mama yangu. Nilimpa huyu kama ndugu. Jana nimemuuliza. Akasema waamuzi wanataka mtunzi mmoja." Akakaza kamba ya mzigo mmoja. "Miaka mitatu tunaimba watu wa mto na watu wa mifugo wapande pamoja. Kumbe mimi nilikuwa mzigo tu. Afande, kwetu wafugaji nyumba ni ya mwanamke. Akidhulumiwa, hapigi mtu. Anafungua nyumba yake, anafagia, anakwenda."

Godhana alijua. Aliwahi kumwona baba yake ameketi juu ya ngozi katikati ya kiwanja kitupu, mke amekwenda na nyumba yake.

"Ulijua ni yeye," alimwambia Gershom.

"Nilijua nilipoona pamefagiliwa."

"Na bado ukamtaja Jibril."

"Ningemtaja Khadra mngeuliza chombo ni cha nani." Gershom alianza kulia. "Nilitaka mara moja tu watu waseme, huyu ndiye aliyetunga. Khadra, dada yangu, nitaandika jina lako kwa kalamu, kila karatasi."

"Andika. Lakini mimi si dada yako, na nyumba naenda nayo."

Godhana alifungua daftari. Akafuta neno "wizi", akaandika: kutoa habari za uongo kwa polisi. Aliona uchungu, na aibu pia. Makofi yale ya Hewani alikuwa amempigia mtu asiyestahili, huku mtunzi mwenyewe akiwa jukwaani amevaa kofia ya nahodha.

Dereva wa lori alipiga honi. Godhana akamsaidia Khadra kupakia mzigo wa kwanza, kisha wa pili. Uzito ulikuwa uleule, kama mizigo ya mama yake.