Nyaya za Chumba cha Kushonea

Mama Pacha alikuwa fundi cherehani, na mumewe seremala. Kwa miaka mingi mama huyu alishonea kwenye kibanda cha kupanga. Sasa mwenye kibanda alitaka kibanda chake. Shule zilikuwa karibu kufunguliwa, na sare za wanafunzi zilikuwa bado vitambaa tu. Bila mahali pa kushonea, wateja wangemkimbia, na mteja akishakimbia kumrudisha ni kazi.

Nyumbani palikuwa na stoo. Walitoa magunia, matairi na kitanda kibovu, wakafagia. Mama Pacha alisimama katikati ya chumba kitupu akajiona tayari yuko kazini. Kilichobaki ni umeme.

"Hilo niachie mimi," alisema Baba Pacha.

Mtu huyu hajawahi kuita fundi nyumbani kwake. Mlango ukigoma, yeye. Bomba likivuja, yeye. Bomba bado linavuja, lakini hayo tuyaache.

Asubuhi hiyo alikuwa na tindo na nyundo mkononi, penseli sikioni. Alikuwa ameshachora mstari ukutani. Ulianzia juu ya mlango, ukashuka mshazari hadi kona ya chini upande wa pili.

"Mbona umekaa upande hivyo?" aliuliza Mama Pacha.

"Njia ya mkato, mke wangu. Umeme nautoa kwenye taa ya sebuleni, waya unapita hapa hadi kwenye soketi. Nikishapiga lipu, nani ataujua?"

"Na pasi yangu?"

"Utachomeka hapo hapo. Cherehani, pasi, kila kitu."

Roho ilimsita Mama Pacha. Lakini kubishana na mume aliyeshika nyundo ni kujichosha bure. Alitoka akaenda kwa jirani yao, fundi umeme mwenye leseni, mwanamke ambaye kicheko chake hufika kabla yake.

Jirani alikuja na kikombe chake cha chai. "Shemeji, pole na kazi. Sikuja kukunyang'anya nyundo. Rafu za vitambaa utaziweka wapi?"

Swali la rafu lilimfurahisha seremala. "Ukuta huu huu. Mbao nene, misumari mirefu."

"Hebu weka alama za misumari."

Mama Pacha alitoa chaki ya kushonea mfukoni, akampa mumewe. Alama ya kwanza ilikaa pembeni. Ya pili ilikaa juu ya mstari wake mwenyewe. Baba Pacha akaitazama.

"Nani ataujua?" mkewe akauliza taratibu.

"Msumari ukitoboa waya wenye umeme, unaweza kukuua papo hapo," alisema jirani. "Au moto unaanzia ndani ya ukuta, nyinyi mmelala."

Baba Pacha alikaa juu ya ndoo ya rangi. Mama Pacha aliogopa kwelikweli. Alijiona mjane mwenye chumba kizuri.

"Sasa waya upiteje?" aliuliza Mama Pacha.

"Upite ndani ya paipu, tena wima au mlalo, moja kwa moja kutoka kwenye soketi au swichi. Mtu akiona soketi, anajua asigongee msumari juu yake, chini yake wala ubavuni."

"Na pasi?"

"Pasi inakula umeme mwingi. Waya wa taa ni mwembamba. Ukiubebesha pasi, unapata moto na ganda lake linayeyuka. Soketi zipate njia yake kutoka kwenye kisanduku kikuu: waya mnene, pamoja na waya wa ardhi, na swichi inayojikata yenyewe kukiwa na hitilafu. Taa nazo njia yake."

"Basi kazi yote ni yako," alisema Baba Pacha kwa unyonge.

"Nani kasema? Kuchimba na kulaza paipu utafanya wewe. Kuunganisha na kupima ni kazi yangu. Lakini kupanga ni kwa mwenye chumba. Mama Pacha, cherehani itakaa wapi?"

Hapo ndipo jirani alipopatia. Mama Pacha alipiga magoti, akaanza kuchora sakafuni kama anavyochora kwenye kitambaa. Cherehani hapa, dirishani. Meza ya kukatia pale. Pasi karibu na ukuta, waya wake usivuke njia ya wateja.

"Soketi yako ingekuwa nyuma ya meza ya kukatia," alimwambia mumewe. "Kila asubuhi ningeitafuta kwa kutambaa."

Baba Pacha alicheka, kwanza kidogo, kisha sana. Alifuta ule mstari. Akachukua pima maji, akachora mistari mipya, imenyooka kabisa. Jirani alikiri kwamba mafundi wengi hawamfikii.

Kabla ya kuchimba, jirani alizima swichi kuu, akapima kuhakikisha umeme umekatika, akabandika karatasi: USIWASHE. Paipu zilipolala, Mama Pacha aliupiga picha ukuta kwa simu kabla ya lipu, ili wajue daima nyaya zimepita wapi. Mwishowe jirani aliunganisha, akapima kila soketi, akarudi nyuma.

"Washa, mwenye chumba."

Taa iliwaka. Pasi ikapata moto. Cherehani ikaanza kukimbia, na taa haikupepesa hata kidogo. Mama Pacha alipiga kigelegele mpaka jirani akaziba masikio. Baba Pacha aligongea rafu zake mbali na nyaya, akajisifu kama kawaida yake, na safari hii hakuna aliyemkatiza.

Siku shule zilipofunguliwa, Mama Pacha alisimama mlangoni. Sare zake zilipita barabarani, zimenyooka, watoto wakikimbia ndani yake. Hakuna iliyochelewa. Kisha mteja mpya akabisha hodi, na Mama Pacha akamkaribisha ndani, kwenye chumba ambacho hakuna wa kumhamisha.